Kutoka Saba Saba hadi roketi inayoongozwa

Roketi ya kivita huendelea kusukumwa baada ya kuliacha bomba lake, na katika jambo hilo moja ndimo zilimo nguvu zake na udhaifu wake. Kombora la mzinga hupata kasi yote ndani ya mtutu. Mtutu huohuo huliwekea mwelekeo na kulipa mzunguko wa kulituliza hewani. Roketi hutoka bombani ikiwa bado na mwendo mdogo huku injini ikiwaka, na kwa muda huo mfupi kila kinachoigusa huiyumbisha. Upepo wa ubavuni ukiusukuma mkia wenye mapezi, pua hugeukia upepo unakotoka, na kwa kuwa injini ingali inasukuma, njia nzima hupinda kuelekea huko. Gari lililoirusha hutikiswa na roketi iliyotangulia, na inayofuata huondoka kabla gari halijatulia. Baruti iliyoshinda juani katika nyika ya Kongwa huungua haraka kuliko iliyolala katika baridi ya usiku wa Julai, na tofauti hiyo ndogo ya mwanzo huwa kubwa mwisho wa safari.

Kwa upande mwingine, roketi haihitaji mtutu mzito wa chuma cha kuhimili mlipuko, wala mitambo ya kupokea kishindo cha kurudi nyuma. Mabomba mepesi juu ya lori la kawaida yanatosha. Ndiyo maana majeshi yaliyokosa uwezo wa kuwa na mizinga mingi yaliweza kununua roketi nyingi, na ndiyo maana kwa miongo kadhaa upungufu wa shabaha ulifidiwa kwa wingi: kama roketi moja haiaminiki, zirushwe arobaini kwa pamoja.

Mtambo ulioenea kuliko yote barani Afrika kwa kazi hiyo ni BM-21 Grad, ulioingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1963. Una mabomba 40 ya milimita 122 juu ya lori, na yote huweza kumalizwa kwa sekunde 20 hivi. Kila roketi ina uzito wa takribani kilo 66, na kati ya hizo chini ya kilo 20 ndizo za kichwa chenye mlipuko. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni baruti ya kusukuma na ganda lake. Roketi ya zamani ya mtambo huo hufika kilomita 20. Kutoka Kongwa mjini ingeivuka Mbande iliyo kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, lakini Kibaigwa isingefika.

Kongwa yenyewe ina nafasi katika historia ya silaha hizi kusini mwa Afrika, ingawa nafasi hiyo hutajwa mara chache. Baada ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kuporomoka na kuachwa mwaka 1951, yalibaki majengo, njia ya reli na ardhi iliyokwisha kufyekwa. Mwaka 1964, chini ya mpango wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, eneo hilo likawa kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na ANC ya Afrika Kusini walikuwapo, kisha MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe. Samora Machel, akitoka mafunzoni Algeria, aliongoza mafunzo ya FRELIMO hapo. Chris Hani aliishi hapo akiwa kijana katika Umkhonto we Sizwe, tawi la kivita la ANC. Mwaka 1965 kundi la kwanza la wapiganaji wa SWAPO liliondoka Kongwa kurudi kwao, na tarehe 26 Agosti 1966 likapigana na polisi wa Afrika Kusini huko Omugulugwombashe.

Silaha za wapiganaji hao wa mwanzo zilikuwa nyepesi, za kubebwa begani kwa safari ya mamia ya kilomita porini. Kilichobadilisha hali miaka iliyofuata ni Grad-P, bomba moja la milimita 122 juu ya miguu mitatu, lililobuniwa na Wasovieti kwa ombi la Vietnam ya Kaskazini. Roketi yake ilikuwa na uzito wa kilo 46 na ilifika karibu kilomita 11. Kundi dogo liliweza kuibeba vipande vipande, kuipanga gizani, kuirusha na kutoweka kabla adui hajajibu. Mpiganaji wa porini alipata silaha ya kufika mbali sana kuliko bunduki na kombora la begani.

Vyama vilivyopitia Kongwa viliitumia, na matokeo yake yanaonyesha tabia halisi ya roketi isiyoongozwa. Tarehe 23 Agosti 1978 SWAPO walirusha roketi kuelekea kambi ya jeshi la Afrika Kusini huko Katima Mulilo, kwenye ukanda wa Caprivi. Moja iliangukia jengo walimolala askari, na kumi wakauawa. Tarehe 12 Agosti 1981 kundi la Umkhonto we Sizwe likiongozwa na Barney Molokoane lilirusha roketi za aina hiyo kwenye kambi kubwa ya kijeshi ya Voortrekkerhoogte karibu na Pretoria. Uharibifu ulikuwa mdogo, lakini kishindo cha kisiasa kilikuwa kikubwa: jeshi lililojiona salama nyumbani kwake lilikuwa limefikiwa. Silaha ni ya familia moja na ustadi wa warushaji ulikaribiana. Kilichotenganisha matukio hayo mawili, kwa sehemu kubwa, ni bahati ya mahali roketi ilipoangukia.

Angola ilionyesha upande wa wingi. Tarehe 10 Novemba 1975, siku moja kabla ya uhuru, wapiganaji wa FNLA na askari wa Zaire waliokuwa wakiingia Luanda kupitia Quifangondo walipigwa na mitambo ya BM-21 iliyoendeshwa na Wakuba upande wa MPLA. Msafara uliokuwa kwenye barabara moja nyembamba, pembeni kukiwa na maji, ulivunjika. Shabaha ilikuwa pana na ndefu, watu na magari wamesongamana, hivyo mtawanyiko wa roketi haukuwa kasoro tena. Majeshi ya Afrika Kusini yaliyoionja BM-21 katika vita hivyo yalirudi nyumbani na kuunda mtambo wao, Valkiri, wa milimita 127.

Kwa Watanzania na Waganda, kumbukumbu ya roketi inatokana na Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na mapema Novemba yakalipua daraja la Kyaka. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipopeleka mitambo ya BM-21 kaskazini na kuanza kupiga ng'ambo ya mto Kagera, askari wengi wa Uganda walipagawa na kukimbia. Roketi hizo ziliitwa Saba Saba, na hadi leo Waganda waliokuwa watu wazima wakati huo huzitaja kwa jina hilo. Zilisikika Mutukula mwezi Januari 1979, na mizinga ikaendelea kunguruma usiku kucha kabla ya Masaka kuingiwa tarehe 24 Februari na Divisheni ya 20 ya Meja Jenerali David Msuguri. Masaka iliumia vibaya kwa mapigo hayo. Silaha ya kueneza moto juu ya eneo zima haitenganishi kambi na soko, na mji ulilipa gharama hiyo.

Pigano linalofundisha zaidi ni la Lukaya, tarehe 10 na 11 Machi 1979. Huko Watanzania walikuwa upande wa kupokea. Kikosi cha Libya, kilicholetwa kumsaidia Amin kikiwa na vifaru na roketi za Katyusha, kilikuwa kikielekea kuikomboa Masaka. Kilipokutana na Brigedi ya 201, iliyojaa askari wasiokuwa na uzoefu, kilianza kwa kumimina roketi. Nyingi ziliwapita Watanzania na kuangukia nyuma yao. Hata hivyo brigedi ilivunjika. Askari walitimuliwa na sauti na mwanga wa roketi kabla ya kupata hasara kubwa. Usiku huo vikosi vilipangwa upya, Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ikazunguka na kutokea upande wa Kampala, na asubuhi Walibya walipigwa kutoka pande mbili. Roketi zilezile zilizokuwa zimewashtua askari wapya hazikuwa na msaada wowote dhidi ya adui aliyekwisha kuja ubavuni.

Mapigano ya Lukaya yana somo ambalo wachambuzi wa silaha huliruka haraka mno. Roketi isiyoongozwa hufanya kazi mbili kwa pamoja: inaharibu na inatisha. Kutisha hudumu kwa muda mfupi na hupungua kila mara askari anapogundua kwamba yu hai. Kuharibu hutegemea hesabu, na hesabu yake ni ya kukatisha tamaa.

Wataalamu hupima usahihi kwa nusukipenyo cha duara ambamo nusu ya roketi zote huangukia. Tuseme nusukipenyo hicho ni mita 150, na shabaha ni rada au ghala ambalo haliharibiki mpaka roketi iangukie ndani ya mita 15. Kwa hesabu ya kawaida ya uwezekano, roketi moja ina nafasi chini ya asilimia moja ya kuipata. Ili kufikia nafasi ya nusu kwa nusu zinahitajika roketi karibu 100. Kwa uzito wa Grad, hizo ni zaidi ya tani sita za roketi pekee, bila kuhesabu masanduku, malori na mafuta. Punguza nusukipenyo hicho hadi mita tano, na roketi moja ina nafasi ya zaidi ya asilimia 99. Kichwa cha mlipuko hakijabadilika wala injini haijabadilika. Mfano huu ni wa karatasi, kwa kuwa uwanja wa vita una mambo mengine mengi, lakini unaeleza kwa nini majeshi makubwa yalikubali kulipa zaidi ya dola 100,000 kwa roketi moja. Katika vita kama vya Kagera, ambako kila sanduku la risasi lilisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani kwa barabara mbovu, tofauti ya tani sita na roketi moja ingekuwa tofauti ya wiki nzima.

Hatua ya kwanza ya kuiongoza roketi ilichukuliwa na Wasovieti kwa Smerch, mtambo wa milimita 300 wenye mabomba 12, ulioingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1980. Roketi yake ya kilo 800 ina kifaa kinachotambua kama pua imeanza kupotoka mwanzoni mwa safari, na gesi inayotolewa pembeni huirudisha. Hayo ni marekebisho ya kipande cha mwanzo cha safari, ambacho, kama ilivyoelezwa juu, ndicho chenye makosa mengi. Roketi ikishatulia haijui tena ilipo.

Hatua ya pili ilikamilishwa na Wamarekani. Mtambo wao wa M270, ulioanza kutumika mwaka 1983, ulirusha roketi 12 za milimita 227, na roketi ya kwanza, M26, ilibeba vibomu vidogo 644 vya kumwagwa juu ya eneo. Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 roketi hizo ziliwapiga Wairaki vibaya, lakini vibomu vingi havikulipuka vilipoanguka; vilibaki ardhini vikingoja wachungaji na watoto. Mkataba wa kimataifa unaopiga marufuku mabomu ya namna hiyo ulianza kufanya kazi tarehe 1 Agosti 2010. Roketi iliyochukua nafasi hiyo, GMLRS, hubeba kichwa kimoja cha kilo 90 hivi na hufika zaidi ya kilomita 70. Kutoka Kongwa, kwa mstari ulionyooka, huo ni umbali wa kukaribia Dodoma mjini.

Ndani ya pua yake kuna vitu vinne vinavyofanya kazi pamoja. Jairoskopu na vipima mchapuko huhisi kila mzunguko na kila msukumo, na kwa kujumlisha hayo kompyuta hukadiria roketi iko wapi. Makadirio hayo huharibika kadiri muda unavyokwenda, kwa sababu kosa dogo hujumlishwa pamoja na ukweli. Kipokezi cha mawimbi ya setilaiti husahihisha makosa hayo mara kwa mara. Kisha mapezi manne madogo puani huinamisha roketi kidogo kidogo kuelekea nukta iliyoandikwa kabla ya kurushwa. Umeme wa kuendesha vyote hutoka kwenye betri inayoweza kulala ghalani miaka mingi na kuamka kwa joto la sekunde moja.

Gari la HIMARS lilibeba wazo hilo mbele zaidi. Badala ya roketi 12 hubeba kasha moja la roketi sita, juu ya magurudumu, na huweza kusafirishwa kwa ndege ya mizigo. Hurusha na kuondoka ndani ya dakika chache. Kasha la roketi likitolewa, kasha la kombora moja kubwa la ATACMS huwekwa mahali palepale. Kwa ubunifu huo mpaka wa zamani kati ya roketi za mizinga na makombora ya masafa umefutika: gari moja, askari walewale watatu, kazi mbili.

Makombora ya masafa ya uwanja wa vita yalikuwa na historia yake. Scud ya Kisovieti ilifika kilomita 300, lakini nusukipenyo cha usahihi wake kilihesabiwa kwa mamia ya mita, hivyo ilifaa kupiga miji au kubeba silaha ya nyuklia. Tochka ilipunguza umbali ili kupata usahihi: kilomita 70 kwanza, kisha 120 kwa Tochka-U, umbali ambao kutoka Kongwa usingefika Morogoro. ATACMS ilitumika kwa mara ya kwanza vitani mwaka 1991, na matoleo ya baadaye yalifika kilomita 300, ambazo zingeishia kabla ya Dar es Salaam. Iskander-M ya Urusi hufika hadi kilomita 500 na ingevuka bahari hadi Unguja na Pemba.

Takwimu za 300 na 500 za makombora haya mawili ya mwisho hazikuja kwa bahati. Utaratibu wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya makombora, uliowekwa mwaka 1987, huweka masharti makali zaidi kwa silaha inayobeba kilo 500 kwa kilomita 300 au zaidi. Mwaka huohuo Marekani na Wasovieti walikubaliana kufuta makombora ya ardhini ya kilomita 500 hadi 5,500. Wahandisi wa pande zote walijenga hadi ukingo wa sheria na kusimama hapo. Mkataba wa pili ulipovunjika mwaka 2019, Marekani iliendelea na PrSM, kombora jembamba kuliko ATACMS, ambalo kasha moja hubeba mawili, na jeshi lake lilianza kulipokea Desemba 2023.

Athari ya kombora moja lililopata shabaha ilionekana Yemen tarehe 4 Septemba 2015. Tochka iliyorushwa na Wahuthi na washirika wao iliipiga kambi ya Safer mkoani Marib, kwenye ghala la silaha. Falme za Kiarabu zilipoteza askari 52, na Saudi Arabia na Bahrain wakapoteza wengine. Kombora hilo lilikuwa la kizazi cha zamani. Kilichokuwa sahihi ni taarifa ya mahali askari na risasi walipokuwa wamekusanywa pamoja.

Katika Afrika Mashariki na Pembe yake, makombora yalisikika tena Novemba 2020. Chama cha TPLF cha Tigray, nchini Ethiopia, kilirusha makombora kuelekea viwanja vya ndege vya Gondar na Bahir Dar tarehe 13, na kesho yake kuelekea Asmara, mji mkuu wa Eritrea. Vita vya ndani ya nchi moja vikawa vimevuka mpaka kwa dakika chache za safari ya kombora. Hakuna jeshi la nchi kavu lililowahi kuvuka mpaka kwa haraka hivyo, na serikali za ukanda huu hazijalizungumza jambo hilo hadharani kwa uzito unaostahili.

Ukraine ndiyo iliyozipima silaha hizi kwa kina. HIMARS zilianza kazi huko katikati ya mwaka 2022 na kwa wiki chache zikalipua maghala mengi ya risasi ya Urusi. Daraja la Antonivskyi karibu na Kherson lilipigwa mara kwa mara mpaka likashindwa kupitisha magari mazito, na Novemba mwaka huo Warusi waliondoka ukingo huo wa mto Dnipro. Siku ya mwaka mpya wa 2023 roketi ziliipiga shule ya Makiivka iliyokuwa makazi ya askari wapya. Urusi yenyewe ilikiri vifo 89 na kulaumu matumizi ya simu za mkononi za askari hao. Idadi ya mitambo ilikuwa ndogo kulinganisha na mizinga iliyokuwapo, lakini kila roketi ilikwenda mahali palipochaguliwa.

Warusi walijibu. Waliyasogeza maghala mbali na mstari wa mbele, wakayagawa madogo madogo, na zaidi ya yote wakavuruga mawimbi ya setilaiti. Kufikia 2023 na 2024 silaha kadhaa za Magharibi zinazotegemea mawimbi hayo zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya usahihi wake. GMLRS haikuanguka kabisa kwa sababu jairoskopu zake huendelea kuiongoza mawimbi yakipotea, ila hukosa shabaha kwa mita nyingi zaidi. Roketi ya dola laki moja inayokosa kwa mita 50 imerudi nusu ya njia kuelekea Saba Saba, na hapo ndipo mjadala wa kununua silaha za kisasa ungepaswa kuanzia.

Mashariki mwa Kongo pana dalili zote mbili, za zamani na za sasa. Mwaka 2013 Azimio 2098 la Baraza la Usalama liliunda brigedi ya kuingilia kati ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Mapigano ya vilima vya Kibati kaskazini mwa Goma mwezi Agosti yalikuwa ya mizinga, roketi na helikopta, na Novemba waasi wa M23 walisalimu amri. Walirudi vitani, na safari hii anga lenyewe lilikuwa limebadilika: wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kuvurugwa na kughushiwa kwa mawimbi ya setilaiti katika Kivu Kaskazini, kiasi cha kuhatarisha ndege. Hata hivyo silaha iliyoua raia wengi ni ileile ya zamani. Tarehe 3 Mei 2024 roketi ziliangukia makambi ya waliokimbia vita nje kidogo ya Goma na kuua watu wasiopungua 17, wengi wao watoto. Human Rights Watch iliwataja M23 na majeshi ya Rwanda kuwa warushaji, Rwanda ikakana; shirika hilo pia lililaumu jeshi la Kongo kwa kuweka mizinga yake karibu na makambi hayo. Kuweka mzinga kando ya hema la mkimbizi na kurusha roketi zenye mtawanyiko kuelekea hema hilo ni makosa mawili tofauti, na sheria ya vita inayakataza yote mawili.

Tanzania imefika kwenye roketi nzito. Katika gwaride la miaka 50 ya Muungano, Aprili 2014, JWTZ lilionyesha A100 ya China, mtambo wa milimita 300 wenye mabomba kumi, wa ukoo wa Smerch. Kununua gari na mabomba yake ni sehemu rahisi ya kazi. Ngumu zaidi ni kujua shabaha iko wapi kwa usahihi wa mita chache, kilomita 60 au 80 mbele, wakati huo huo na si jana. Hilo huhitaji ndege zisizo na rubani zinazokaa angani kwa saa nyingi, rada za kufuatilia kombora la adui hadi lilikotoka, ramani zilizopimwa upya, wapimaji wanaojua tofauti ya kimo cha uwanda wa Dodoma na cha bonde lililo chini yake, na mawasiliano yasiyoingiliwa. Jeshi lenye roketi za kuongozwa bila vitu hivyo hulenga kwa usahihi mkubwa mahali ambapo adui hayupo. Kama fedha ni za kuchagua, uamuzi wa busara ni kuanza na macho na mawasiliano, kisha roketi chache, kuliko kinyume chake.

Ndege ndogo za kujilipua zimeanza kuchukua sehemu ya kazi hii kwa bei ndogo zaidi, kama Ethiopia na Sudan zilivyoonyesha. Hubeba mlipuko mdogo na huenda polepole, kwa hiyo hazijaiondoa roketi. Zimeiacha na shabaha ngumu, kama madaraja, maghala ya zege na mitambo inayohama upesi.

Linabaki suala la kuhifadhi, ambalo Tanzania inalijua kwa uchungu. Maghala ya risasi ya jeshi yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na katika kila tukio walikufa watu zaidi ya 20. Roketi ni hatari ya pekee ghalani, kwa kuwa moto ukiifikia injini inaweza kuruka na kutua mbali, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na habari ya kuwapo kwa ghala. Baruti ya kusukuma huzeeka: kemikali za kuituliza hupungua, joto huharakisha kupungua huko, na nyufa ndani ya tope lake lililoganda zinaweza kuifanya iungue ghafla badala ya taratibu. Makasha yaliyofungwa ya roketi za kisasa hupunguza unyevu na mikono mingi, lakini hayafuti umri. Sampuli hupaswa kutolewa na kupimwa maabara kila baada ya muda uliowekwa, shehena iliyochakaa kuharibiwa kwa utaratibu, na maghala kujengwa kwa matuta ya udongo kati ya chumba na chumba, mbali na makazi, palipo na eneo la kutosha kuzuia mji usiyafikie tena baada ya miaka 20.